Breki ya Corolla ya Guelor

Asubuhi ya Jumanne, ile chupa ya mayoneze waliyoitia jana maji ya breki ya gari la ajali, ikalala dirishani pa ofisi, ilikuwa imegawanyika. Chini kulikuwa na maji ya rangi ya chai nyepesi, juu yake mafuta ya manjano yametulia, na mpaka kati yao umenyooka kama umepigwa rula. Inspekta Chileshe aliinama akaitazama bila kuigusa, kisha akatoa kichwa dirishani.

"Ba Ruphin! Mukuye muone. Bintu byenu binaachana."

Papa Ruphin alikuwa amelala chali uani pa polisi, chini ya Corolla nyekundu iliyokunjamana pua. Mzee wa miaka sabini na moja, aliendesha malori ya shaba mpaka magoti yakakataa, na sasa ndiye mkaguzi wa klabu ya wale wanaoshindanisha magari ya kizamani kule upande wa Karavia. Alitoka chini ya gari polepole, akapangusa mikono kwa gazeti, akaja kusimama mbele ya chupa. Hakushangaa. Alihuzunika tu.

"Njo vile nilikuambia jana, Mama Inspekta. Likidi, ile mayi ya freni, inakatala mafuta. Ukibichanga na uache bilale, asubui kila moya iko fasi yake. Muntu alimwanga mafuta mu freni ya ule mutoto."

"Mafuta ya motere?"

Mzee alifungua kifuniko, akanusa, akachovya kidole, akanusa tena.

"Ya motere hapana. Ya vitesi, ile sanduku ya gia, hapana, ile inanuka kama yai ya kuoza. Hii inanuka kama mwanamuke anatoka ku maombi."

Chileshe aliyaandika maneno hayo kama yalivyo katika daftari lake, akatazama saa ya ukutani. Saa mbili na nusu. Sheria inampa polisi saa arobaini na nane za kumshika mtu, na za fundi Mbusa zilikuwa zinakwisha leo saa kumi alasiri. Baada ya hapo, ama atoke arudi kwake, ama apandishwe jeep kwenda parke, kwa wenye kushitaki, na kutoka parke jeep inaelekea gerezani. Kule kesi huzeeka kuliko watu.

Na aliyemfunga Mbusa pingu alikuwa yeye mwenyewe Chileshe. Jumapili ile watu ishirini walikuwa wanapaza sauti kwamba wamemsikia fundi akimwambia kijana Guelor, "Leo unakufwa!" Nusu saa baadaye Guelor Mulenga, mwenye miaka ishirini na minne, alikuwa amekufa kwenye mikaratusi, mwisho wa barabara iliyonyooka, katika shindano lake la kwanza. Watu walitaka mtu wa kumshika. Chileshe akawapa. Haraka ile sasa ilikuwa imemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Tufungue pompu," alisema.

Papa Ruphin aliilegeza pompu ya breki kutoka mahali pake, akaibana katikati ya magoti, akachomoa chuma cha ndani na vikombe vyake vidogo vya mpira. Kisha akatoa mfukoni kikombe kipya, ndugu yake wa sanduku moja, ambacho polisi walikikuta garajini kwa Mbusa. Akaviweka vyote juu ya gazeti. Kile kipya kilikuwa kikavu na kigumu. Kile cha Corolla kilikuwa kimevimba, laini, midomo imepinduka kama donati iliyoloweshwa chai.

"Sasa munielezee kama vile munaelezea mutoto," alisema Chileshe.

"Mu pompu muko katundu kadogo. Ukiachilia pedali, likidi inarudia mule. Mupira ikivimba, inaziba kale katundu. Likidi hairudi. Freni inabakia inashika magurudumu, ata kama mutoto anatoa muguu. Kila anapokimbia, inachoma. Likidi inachemuka kama mayi ya kusonga bukari. Kisha anafika ku kona, anakanyaga, pedali inaenda chini. Hakuna kintu."

"Inachukua siku ngapi, mupira kuvimba vile?"

"Mbili. Tatu."

"Lakini Jumamosi mulipima gari."

Mzee alikipapasa kile kikombe kipya kwa kidole gumba.

"Jumamosi asubui miye mwenyewe nilikanyaga hii pedali. Ilikuwa nguvu kama jiwe. Nikapima mikanda, kaske, ile kofia ya dereva, vyuma vya kukinga kichwa, chupa ya kuzima moto, nikaona na ile musalaba ya manjano ya nyuma, ile tunabandikaka bageni mashindano sita ya kwanza, juu benzao babaachie nafasi. Kisha nikafunga kapo, ile mufuniko ya motere, na waya na risasi ya muhuri. Bikopo bya likidi, sikufungula. Vilikuwa vinajaa. Nikasema, vinajaa, basi."

"Ule waya, ni miye niliukata Jumapili," alisema Chileshe. "Haukuguswa. Maana mafuta iliingia mbele ya Jumamosi asubui."

"Na kisha ya Mbusa kubadilisha mipira."

"Siku gani?"

"Umuulize mwenyewe."

*

Kasho la mahabusu lilikuwa na watu tisa na dirisha moja. Chileshe alimtoa Mbusa akamkalisha kwenye benchi la ukumbini, akamwagizia chai. Alikuwa mtu mfupi wa Butembo, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Alishika kikombe kwa mikono yote miwili lakini hakunywa.

"Ulibadilisha mipira ya freni siku gani?"

"Jumatano. Guelor alikuwa pale, njo aliyenishikia taa. Likidi mupya, chupa mupya, tulivunja kifuniko pamoja. Jumatano mangaribi akapeleka gari kwao Makomeno."

"Juu ya nini haikulala ku garage?"

Mbusa alitabasamu kidogo kwa mara ya kwanza. "Alisema anataka kuamuka akiiona. Myaka mbili, Mama Inspekta. Aliikuta kule Sakania nyuma ya mashini ya unga, kuku zinatagia mu kiti cha dereva. Batu balimucheka. Nilimucheka na mie. Aliileta juu ya kamio, akashuka anasema, 'Vieux Mbusa, ninataka kuanza kukimbiza gari, nianzie wapi?' Nikamuambia, uanzie ku kuosha mavi ya kuku."

"Alianzia pale?"

"Akaosha. Kisha akajiandikisha ku klabu. Ba Ruphin bako na sheria yabo: myezi tatu ya kwanza mugeni hagusi motere, anajifunza freni tu. Kwanza ujue kusimama. Benzake walilalamika. Ye hapana. Alikuwa anafungula pompu, anafunga, anafungula, mpaka mukono yake ilijua bila macho."

"Na Jumapili ulimuambia leo unakufwa."

Tabasamu likatoka.

"Benye kusikia balisikia mukia ya neno. Kisha ya ile mizunguko ya kuchemsha gari, nilipitisha mukono karibu na gurudumu. Uone." Alifungua kiganja cha kushoto: lengelenge la duara, limepasuka na kukauka. "Iliwaka moto kama jiko. Nikamuambia, freni inashika, kuna kintu, nipe saa moya nifungue. Akasema kapo iko na risasi, tukiikata hatuingii. Nikamuambia, 'Ukiingia na hii gari, leo unakufwa.' Kwa nguvu, ndio. Nilikasirika."

Chileshe alikishika kile kiganja akakigeuza kwenye mwanga. Jumapili alikuwa ameifunga pingu mikono hii hii, na hakuitazama.

"Ufunguo ya gari ilikuwa kwa nani?"

Mbusa alitazama kikombe chake. Chai ilikuwa inapoa.

"Kwangu. Mu mufuko. Akanyoosha mukono hivi, batu boote banatuangalia, mama yake iko kule juu na bamama ba kanisa, banavaa mweupe, banaimba jina yake. Nikasikia haya kumuaibisha mbele ya mama yake." Aliweka kikombe chini. "Nikamupa. Munifunge juu ya ile, sitakatala. Lakini mafuta, Mama, mie siyui mafuta ya nini munaniuliza."

"Kati ya Jumatano na Jumamosi, nani aliikaribia?"

"Kwao muko ukuta na portail ya kuingilia. Atakayejua ni wa mule." Akafikiri. "Kambale alisema atapita pale Ijumaa."

*

Kambale alikuwa na ghala la jumla karibu na reli, malori matatu yake mwenyewe, na Mercedes ya mwaka wa sabini na nane aliyoikimbiza kila shindano na kushindwa kila shindano. Huko Sakania alikuwa wa kwanza kuiona ile Corolla, akarudi nyumbani kufikiri. Alipomaliza kufikiri, Guelor alikuwa ameishaichukua. Jambo hilo klabu nzima ilikuwa imelicheka.

Na jambo la pili Chileshe aliliona alipovuka mlango: ghala zima lilikuwa limejaa mafuta. Mafuta ya mawese kwenye mapipa, mafuta ya soya kwenye bido, yale madumu ya njano, zimepangwa hadi darini.

"Mama Inspekta, karibu. Unakuya kununua ao kufunga?" aliuliza Kambale. Alikuwa mnene na mcheshi, lakini macho yalikuwa mekundu, na shati lilikuwa la juzi.

"Ijumaa ulienda Makomeno kwa Guelor."

"Nilienda."

"Kufanya nini?"

"Kumupelekea mikanda. Yake ilikuwa ya mutumba, ilichoka ku mabega. Niko na mingine. Nikamuambia, mudogo, ukinishinda unirudishie." Alicheka kidogo, kicheko kikafia njiani. "Hakunirudishia."

"Ulifungula kapo?"

"Sikugusa kapo. Muulize mama yake, tulikuwa naye. Guelor alikuwa bado ku kazi."

Chileshe alitoa mfukoni vichupa viwili vitupu vya dawa. "Nitiliye kidogo ya kila moya."

Kambale alivitazama vichupa, akatazama mapipa, na polepole uso wake ukaelewa. "Ah. Munawaza ni miye." Hakugomba. Alichota mwenyewe, akampa. Chileshe alinusa. Soya ilinuka soya. Mawese yalinuka mawese, mekundu kama damu ya kuku. Hakuna lililofanana na ile chupa ya dirishani.

"Haina hii," alisema. "Ile inanuka muzuri. Kama marashi."

Kambale akasimama na bido mkononi.

"Kama maua ya roza?"

"Ulijua namna gani?"

"Juu nilipakwa nayo," alisema, akajigusa katikati ya kipaji cha uso. "Ijumaa. Nilikuta Mama Guelor iko nazunguka ile gari na kachupa kadogo, iko naomba. Musalaba ku mulango, musalaba ku kioo, musalaba ku magurudumu yote. Akaniona, akasema, 'Na weye Kambale, ukuye hapa, uko nakimbiza na yeye,' akanipaka. Nilienda ku depo ninanuka kama bibi-arusi. Batumishi bangu balinicheka mpaka mangaribi."

"Kapo ilikuwa wazi?"

Sasa Kambale hakuwa tena na mzaha wowote mwilini.

"Ilikuwa wazi, Mama. Nilisema mu roho, anapaka na motere."

Chileshe alifunga daftari. Nje treni ya mizigo ilikuwa inapita polepole, naye akangoja ipite, kisha akashika njia ya Makomeno.

*

Saa nane ilikuwa imepita alipofika Makomeno. Kilio kilikuwa kimejaa uani: wanaume kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, wanawake kwenye mikeka ndani ya sebule, meza zote zimetolewa, kioo cha kabati kimegeuziwa ukutani. Picha ya Guelor ilikuwa imewekwa juu ya kiti. Amevaa kaske, amefungua kioo chake, anacheka.

Chileshe alivua viatu mlangoni, akaingia, akakaa mkekani kama mtu wa kilio kwanza, kama polisi baadaye. Alipiga makofi polepole kwa viganja vilivyokunjwa, akasema pole. Kisha akaomba kuongea na mama wa marehemu peke yao, chumba cha ndani.

Mama Guelor, jina lake Mapalo, alikuwa mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, sauti imekatika kwa kulia. Kaka yake mkubwa, Ba Mwelwa, aliingia nao bila kuulizwa akasimama mlangoni.

"Bamupeleka?" aliuliza mama. "Ule Mbusa. Banamupeleka ku prizo?"

"Saa kumi, Mama Guelor. Kama sikupata kintu ingine."

"Apelekwe. Anakula mutoto wangu. Batoto batano nilizaa, batatu nilizika bangali badogo. Guelor njo alibakia, na mudogo yake Kiki. Alipoanza mambo ya kukimbiza gari nilikatala mwaka muzima. Kila nikilala ninaona gari inapinduka. Niliposhindwa, nikasema basi, nitamukinga na ile niko nayo."

"Njo ile ninakuya kuuliza," alisema Chileshe polepole. "Mafuta ya maombi."

Mama akainua kichwa. Hakuogopa. Alikuwa kama mtu aliyengoja siku mbili kuulizwa.

"Tulifunga siku tatu, miye na bamama ba kikundi. Pasta akaombea chupa ya mafuta. Akasema, paka kila fasi uzima ya mutoto inapita. Nikapaka milango, kiti, volani ya kuongozea, kaske. Kisha nikajiuliza: uzima yake inapita wapi zaidi? Na ye mwenyewe alinionesha! Siku Ba Ruphin balianza kumufundisha, alikuya mbio, ananishika mukono, anafungula kapo. 'Mama, uko naona bikopo hibi mbili byeupe? Motere ikifwa, nitasimama ku njia tu, nitapanda taksi. Lakini hapa, uzima yangu njo inakaa hapa.' Mutoto wangu alinifundisha vile, Inspekta."

Chileshe alitazama daftari lake. Alikuwa ameshika kalamu lakini haikuandika.

"Njo nikafungula bifuniko," aliendelea mama. "Alhamisi, na tena Ijumaa. Ye alikuwa ku kazi. Nikamwanga pole pole, kifuniko moya ya chupa mu kila kikopo, na Zaburi. Ikajaa muzuri."

"Ulimuambia?"

"Hapana." Aliivuta pembe ya kitenge. "Anachekaka mambo ya maombi. Nilisema, nitamuambia kisha ya shindano, siye boote tucheke. Sasa weye uniambie, uko muntu munene wa serikali: freni inapakwa mafuta ya Mungu mpaka ndani, nani anaweza kuishinda? Fundi wa kawaida? Ni bulozi, ni uchawi. Uandike ile ku dosye ya kesi. Uandike mama anasema ni bulozi."

Ba Mwelwa aliitikia mlangoni. "Uandike."

Chileshe alikuwa amehoji wezi, wauaji, waume waliovunja wake zao mikono. Alikuwa na maneno ya kila mmoja wao. Huyu mama hakuwa wa aina yao. Chileshe naye alikuwa na watoto watatu, na hakuna hata mmoja aliyemwambia yote, kwa sababu walijua mama yao angepiga kelele. Akaona heri aseme kama Papa Ruphin alivyosema asubuhi ile, kama unavyomwelezea mtoto.

"Mama Guelor, ndani ya freni muko mipira. Midogo hivi. Likidi yake ni ya peke yake. Mafuta yoyote, ya motere, ya kupika, ya maombi, ikiingia mule, mipira inavimba. Haichagui mafuta. Na mwenye kumwanga, haimuchagui."

Mama alimtazama.

"Ilivimba?"

"Nimeiona leo asubui."

"Juu ya... juu ya kifuniko moya?"

"Vinne, Mama. Alhamisi na Ijumaa."

Sebuleni wanawake walikuwa wameanzisha wimbo mwingine, wa polepole, na mmoja alikuwa anaongoza kwa sauti ya juu sana isiyolingana na wenzake. Mama Guelor alisikiliza wimbo mpaka kiitikio. Mikono yake ilikuwa imefunguka juu ya magoti, viganja juu, na alikuwa anaviangalia.

"Pasta hakuniambia ndani," alisema. "Alisema kupaka. Ndani ni miye."

"Dada, unyamaze," alisema Ba Mwelwa.

"Ndani ni miye, Yaya," alimjibu kaka yake.

Chileshe alitoa karatasi ya maelezo. Ilikuwa saa tisa kasoro robo. Aliandika kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa, ili mwenye kusema aelewe alichosema, na alipomaliza akasoma kwa sauti ndogo: kwamba mimi Mapalo Chama, siku za Alhamisi na Ijumaa, kwa mkono wangu, bila mtu kunituma na bila kumwambia mtu, nilitia mafuta katika vikopo viwili vya breki ya gari la mwanangu, kwamba fundi Mbusa hakuwapo na hakujua. Akaiweka juu ya kitanda, na kalamu juu yake.

"Na akitia sinyature?" aliuliza Ba Mwelwa.

"Mbusa anatoka leo. Ba parke bataisoma. Bataita Mama, batamuuliza. Sitawadanganya: siyui batasema nini. Bako na sheria ya mwenye kuua bila kutaka."

"Na asipotia?"

"Niko na chupa moya ya mayoneze, na muzee moya wa klabu, na Kambale aliona kapo wazi. Haitoshi kuzuia jeep saa kumi. Mbusa ataenda."

Ba Mwelwa alisogea mbele, akaikanyaga kona ya mkeka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye dada mmoja. "Basi aende. Atatoka siku moya, ni mwanaume. Dada, unisikie. Ukitia jina yako pale, inje kule bote batajua. Kila mama anakulilia sasa, kesho atakuonesha kidole. Batasema ni weye ulimuua. Kiki atakua anasikia ni weye. Ule Mbusa haiko muntu wetu. Ata hatujui kwao."

Mama hakumgeukia. Alimwuliza Chileshe:

"Iko na mama? Ule Mbusa."

"Iko. Ku Butembo. Ni muzee sasa."

"Anajua?"

"Jana nilimuachia Mbusa telefone yangu. Alimuambia mama yake iko na kazi mingi, njo hakupiga Jumapili. Kisha akalia kidogo, akanirudishia."

"Alimudanganya mama yake."

"Ndio, Mama."

Wimbo wa sebuleni ulikuwa umefika mwisho, na kabla mwingine haujaanza ulisikika mlio wa sufuria uani, na mtu anaomba chumvi. Kisha Mama Guelor alijikokota kwa magoti hadi kitandani, akaivuta karatasi mbele yake, akaishika kalamu kwa vidole vyote vitano kama wanavyoshika watu walioacha shule mapema.

"Yaya, utoke mu mwanga," alisema.

Ba Mwelwa hakutoka. Mama akageuza karatasi upande mwingine, akaandika M, akaandika a. Wino ukakatika kwenye p. Akairudia, akaibonyeza mpaka karatasi ikaingia tundu, akaendelea. Aliandika majina yake yote mawili. Chileshe alimngoja, hakumsaidia.

Alipomaliza, alimrudishia karatasi kwa mikono miwili.

"Ukimbie," alisema. "Saa iko naenda. Aende ampigie mama yake mbele ya jua kuingia."

Kisha akafunga upya kitambaa chake kichwani, akasimama akishikilia ukuta, akafungua mlango wa sebule, kule wanawake walikokuwa wamekaa, na kabla Chileshe, aliyempita mbio hadi mlango wa nje, hajamaliza kuvaa viatu vyake alisikia wimbo ukikatizwa katikati, na sauti ile iliyokatika ikianza: "Ba mama, mungoje. Mubakie kwanza kimya. Niko na neno."